Sekunde 11: Maneno kwa Wanafunzi Wapya wa Uzamili wa Tiba ya Usemi na Lugha

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wasimamizi wa kliniki mliokubali kuwaacha wagonjwa wenu kwa saa moja, na ninyi wanafunzi mnaoanza leo shahada ya uzamili: hamjambo.

Niliombwa nizungumzie "safari ya masomo". Ratiba ya muhula mmeshapewa, kanuni za mitihani mmeshatia saini, na nikianza kuzirudia mtasinzia kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Nitazungumzia kitu kidogo, sekunde 11, halafu tuone kitatufikisha wapi.

Nilipokuwa mwanafunzi kama ninyi, mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee aliyepata kiharusi miezi mitatu kabla. Alikuwa na afazia. Akili yake timamu, anaelewa sehemu kubwa ya anachoambiwa, ila maneno hayaji. Nilikuwa nimeandaa picha 20, nimezipanga kuanzia rahisi hadi ngumu, na nimevaa koti jeupe lililokuwa bado na mikunjo ya dukani. Nikamwonyesha picha ya kikombe. "Mzee, hiki ni nini?" Akaitazama. Midomo ikacheza. Nikaona anahangaika, nikamwonea huruma, nikasema, "Kikombe. Sema kikombe." Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyechoka. Picha ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Tulipofika ya 20, mimi nilikuwa nimetaja vitu vyote 20 bila kukosea hata kimoja.

Msimamizi wangu alikuwa nyuma ya kioo, kile cha kuonea upande mmoja. Hakunikaripia. Kikao kilichofuata aliingia yeye, mimi nikawekwa nyuma ya kioo na saa ya kuhesabia sekunde. Akatoa picha ileile ya kikombe, akauliza swali lilelile, akanyamaza. Hakuinama mbele wala hakukunja uso, na wala hakuweka lile tabasamu la "jitahidi, unaweza". Sekunde ya tatu nilitamani kugonga kioo. Ya sita mzee alifumba macho. Ya tisa alisema "ki", akaacha. Ya 11 akasema, "Kikombe." Kisha akacheka, na hicho ndicho kicheko chake cha kwanza nilichokisikia.

Baadaye msimamizi aliniuliza swali moja: "Wewe ulimpa ngapi?" Tukasikiliza rekodi. Nilikuwa nimempa mbili.

Najua methali iliyowajia sasa hivi, na nawaomba tuiache. Sizungumzii tabia njema ya uvumilivu. Nazungumzia ufundi, kitu kinachofundishika, kinachopimika kwa saa, na ambacho walimu wengi tunakipitia juujuu kwa sababu hakina sura yake kwenye kitabu. Kwa miaka niliyosimamia wanafunzi nimefikia imani hii: ukitoa mihadhara na mitihani, kinachobaki cha mafunzo yetu ni kumtoa mtu kwenye sekunde mbili na kumfikisha kwenye 11.

Kwenye mhadhara wenu wa kwanza kuhusu ubongo mtakutana na mtu anayeitwa Leborgne. Aliishi kwenye hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris. Neno alilobaki nalo lilikuwa moja, "tan", ambalo kwa kawaida alilitamka mara mbili mfululizo, hata watu wakamwita Tan. Mwezi Aprili 1861 alipelekwa kwa daktari wa upasuaji Paul Broca kwa sababu ya mguu uliooza kwa uambukizo, na siku chache baadaye akafariki. Broca akaufungua ubongo wake, akakuta umeharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto. Baadaye sehemu ile ikaja kuitwa eneo la Broca. Aliyeishi na ule uharibifu hakuachiwa hata kipande cha jina la sehemu hiyo, lakini hayo tuyaache.

Wanafunzi hukimbilia ubongo kwa sababu ndiko swali la mtihani linakotoka. Mimi huwaomba warudi nyuma kidogo, kwenye zile siku chache mgonjwa alipokuwa hai. Broca alimuuliza ameishi Bicêtre muda gani. Leborgne alifungua kiganja mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Tano mara nne, na moja: miaka 21. Hesabu ilikuwa sahihi. Kesho yake Broca akauliza tena, akapata jibu lilelile. Alipouliza mara ya tatu, mgonjwa aling'amua kwamba anafanyishwa zoezi. Akakasirika, akafoka kwa kiapo kizima cha kulaani, kiapo ambacho Broca anasema alikisikia mara hiyo moja tu.

Sijui kisa kingine kifupi chenye mafunzo mengi hivyo. Ndani yake kuna mtu mwenye neno moja ambaye hesabu yake, kumbukumbu yake na heshima yake havijapungua. Kuna dalili ya kitabibu mtakayoiona tena na tena: usemi unaotoka wenyewe, kama vile matusi, salamu, kuhesabu na nyimbo, unaweza kubaki pale ambapo usemi wa kupanga umepotea. Ndugu wa mgonjwa watawaambia, "Mbona jana ametukana vizuri kabisa, anatufanyia makusudi huyu." Lazima mjue kuwajibu. Tena kuna onyo. Mgonjwa hutambua mara moja unapoacha kumuuliza na kuanza kumjaribu. Zile picha zangu 20 mzee alizitambua ni nini kabla mimi sijazitambua.

Sasa madarasani.

Mtasoma anatomia hadi muote ndoto zake. Msiidharau. Chukueni mshipa mmoja tu wa fahamu, neva ya kumi ya fuvu, ile ya vagasi. Tawi lake linaloendesha zoloto, yaani kisanduku cha sauti, upande wa kushoto haliendi huko moja kwa moja. Linashuka hadi kifuani, linapita chini ya upinde wa aota, ule mshipa mkuu wa damu, ndipo linapanda tena hadi shingoni. Ni njia ndefu ya ajabu, na ina gharama zake. Mtu anakuja kwenu sauti imekauka, imekuwa ya pumzi tupu, anadhani amepayuka sana kazini. Huenda ni hivyo. Huenda alifanyiwa upasuaji wa tezi ya thairoidi, neva ikaguswa. Huenda pia kuna uvimbe kifuani unaoibana, na sauti ndiyo imetoa habari ya kwanza. Kwa hiyo mtaambiwa, na mimi naongeza uzito wangu hapo: usianze tiba ya sauti kabla daktari wa masikio, pua na koo hajaziangalia nyuzi za sauti kwa macho yake. Mwanafunzi mmoja alinilalamikia kwamba sharti hilo linapoteza muda, na kwamba angekuwa ameshaanza mazoezi ya kupumua. Nikamwambia mazoezi ya kupumua yatamngoja. Hiyo nayo ni hesabu ya sekunde, ingawa hapo inakuwa ya siku.

Fonetiki, elimu ya sauti za usemi, watu huiogopa kwa sababu ya alama. Alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa ilianza kuchapishwa mwaka 1888, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeniuliza kwa nini asitumie tu herufi za kawaida. Jibu langu ni kumpa rekodi ya mtoto wa miaka minne na nusu. Mtoto anasema "titabu" badala ya kitabu. Sikio ambalo halijafundishwa linaandika: "anashindwa k." Sikio lililofundishwa bado halijaandika kitu. Linauliza. Je, k zote zinakuwa t, au ile ya mwanzo wa neno tu? Je, g nayo inakuwa d? Akisema "dari", anamaanisha dari ya nyumba au anamaanisha gari? Na hiyo t ni t kweli, au ni sauti iliyo kati ya t na k, ambayo sisi watu wazima tunailazimisha iingie kwenye herufi tulizozizoea? Ikiwa k inakuwa t na g inakuwa d, basi mtoto huyu hana sauti mbili mbovu. Ana kanuni moja: kila sauti inayotengenezwa nyuma ya kinywa anaihamishia mbele. Na ukiishughulikia kanuni, sauti zote mbili zinaweza kusogea pamoja.

Tiba yake ni mchezo mzuri sana. Unaweka picha mbili mezani, moja ya gari, moja ya dari. Mtoto anataka gari. Anasema "dari". Unampa dari. Halafu unafanya nini? Unanyamaza. Anaitazama picha, anakutazama wewe, uso unabadilika. Kwa mara ya kwanza anagundua kwamba ile tofauti ya sauti ina kazi, kwamba kinywa chake kimemletea kitu ambacho hakukiomba. Nimewaona wanafunzi wakiua dakika hiyo kwa kusema haraka, "Ooh, ulitaka gari! Sema ga, ga, gari!" Mtoto alikuwa hatua moja kutoka kwenye ugunduzi, nasi tukamnyang'anya.

Hapo hapo niseme kuhusu vipimo. Vipimo vingi vya lugha mtakavyovikuta kabatini vilitungwa kwa Kiingereza, na vingine vimetafsiriwa neno kwa neno. Moja ya hesabu za zamani katika fani yetu ni kupima urefu wa wastani wa sentensi za mtoto. Ukipima kwa kuhesabu maneno, mtoto wa Kiswahili aliyesema "ninakupenda" amesema neno moja, maskini. Hesabuni vipande: ni-na-ku-pend-a. Vitano, katika neno moja: mtendaji, wakati, mtendewa, kitendo na kiishio. Na mtoto anayejifunza lugha hii hupitia hatua ya kudondosha viambishi vya mwanzo, hatua ya kawaida kabisa ambayo mtoto wa Kiingereza hawezi kuwa nayo kwa namna hiyo. Anayetumia kipimo cha kuazima bila kufikiri atasema mtoto mzima ni mgonjwa, au atasema mtoto mgonjwa ni mzima. Yote mawili nimeyaona kwenye faili. Vivyo hivyo mtu ambaye lugha yake ya kwanza haitofautishi l na r, akichanganya sauti hizo anapozungumza lugha ya pili, hana ugonjwa. Ana lafudhi. Mtihani wa kwanza wa mtaalamu wetu ni kutofautisha tofauti na tatizo, na kwa mtu mwenye lugha mbili au tatu mnatakiwa kuuliza habari za lugha zote, hata zile msizozijua. Mkalimani atahitajika, na mkalimani naye atahitaji muda.

Mtaniuliza kuhusu saa za kliniki. Kila mwaka swali hilo huwahi kuliko mengine.

Nchi zinatofautiana sana. Marekani mtu haingii kazini bila uzamili, na chama chao cha kitaaluma, kilichoanza mwaka 1925, kinadai saa 400 za kliniki: 25 za kutazama na 375 za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja. Baada ya shahada bado kuna wiki 36 za kazi chini ya uangalizi. Uingereza unaweza kuingia kwa shahada ya kwanza, au kwa uzamili wa takribani miaka miwili ukitokea fani nyingine. Ufaransa tangu mwaka 2013 mafunzo ni ya miaka mitano hadi ngazi ya uzamili. Ujerumani njia iliyozoeleka ilikuwa chuo cha ufundi cha miaka mitatu, bila chuo kikuu, na sijaona sababu ya kuwabeza wanaotoka huko.

Saa zina maana. Huwezi kujifunza kazi hii kwa kusoma, kama vile huwezi kujifunza kuogelea ukiwa umekaa ukingoni. Lakini angalieni kinachohesabiwa. Dakika za kuwa na mgonjwa zinahesabiwa. Kuandika ripoti hakuhesabiwi, wala kusikiliza tena rekodi yako mwenyewe usiku ukijionea aibu, na mimi nadhani hapo ndipo watu wengi hukua. Matokeo yake wanafunzi huwinda saa. Namjua mwanafunzi aliyekuja na jedwali lililojaa wiki tatu kabla ya wenzake, na bado alikuwa anawamalizia wagonjwa sentensi zao. Nikawa naye mwezi mmoja zaidi. Hakufurahi. Siku hizi ananitumia wanafunzi wake.

Kumeza. Hapa niseme taratibu, maana hapa mtu anaweza kufa.

Wengi mmekuja mkidhani ni kazi ya maneno, na mtashangaa mkijikuta wodini mnatazama mtu akimeza kijiko cha maji. Viungo ni vilevile: midomo, ulimi, kaakaa, koo, zoloto. Angalau neva tano za fuvu zinafanya kazi pamoja, na sehemu ya koo inamalizika kwa takribani sekunde moja. Katika sekunde hiyo njia ya hewa lazima ifungwe. Isipofungwa vizuri, chakula au maji yanaingia njia ya mapafu. Mtu wa kawaida atapaliwa, atakohoa, atatokwa na machozi. Aliyepoteza hisia kwenye zoloto hatakohoa hata kidogo. Anakutazama ametulia, anakushukuru, na maji yanashuka mapafuni. Kikohozi ni kengele, na kengele yake imekatwa waya. Ndiyo maana kukaa kando ya kitanda na kusikiliza peke yake hakutoshi, na ndiyo maana tuna picha za eksirei za mwendo, mgonjwa akimeza bariamu, kitu kinachoonekana kwenye eksirei, na kamera nyembamba inayopitishwa puani.

Kuna kipimo kimoja nakipenda kwa sababu kinafanyika kwa sirinji ya mililita 10 na saa. Unaijaza kinywaji, unaziba ncha kwa kidole, unaachia kwa sekunde 10, unaziba tena, unasoma kilichobaki. Kikibaki chini ya mililita moja, ni chepesi kama maji. Kati ya moja na nne, ngazi ya kwanza ya uzito; nne hadi nane, ya pili; zaidi ya nane, ya tatu. Kisipotoka kabisa, hicho si cha kunywa tena, ni cha kijiko. Kipimo hicho ni sehemu ya mfumo wa ngazi 0 hadi 7 za vinywaji na vyakula unaotumika nchi nyingi, na umewaokoa wauguzi kutoka kwenye maelekezo ya "fanya kizito kidogo", ambayo kila mtu huyaelewa kivyake. Ila msiwe wepesi wa kumwekea kila mtu kinywaji kizito. Ni kweli kinapunguza maji kuingia mapafuni. Ni kweli pia kwamba watu hukichukia, wakanywa kidogo, wakakosa maji mwilini. Mnapoandika agizo lile, mnamnyima mtu glasi ya maji. Angalieni kwanza, kisha muandike.

Nimefika kwenye tasnifu, na hapa naomba mnisikilize kuliko kwingine kote.

Mwaka 1939, katika Chuo Kikuu cha Iowa, mwanafunzi wa uzamili aitwaye Mary Tudor alifanya utafiti wa tasnifu yake chini ya Wendell Johnson, mmoja wa watu waliojenga fani hii. Johnson mwenyewe alikuwa na kigugumizi. Aliamini kigugumizi huanzia kwenye sikio la mzazi: mtoto anakwama kidogo kama watoto wote, mtu mzima analiita tatizo, mtoto anaanza kuogopa kinywa chake, na hofu ndiyo inayoleta kigugumizi. Ili kuijaribu nadharia hiyo walichukua watoto 22 kutoka kituo cha yatima mjini Davenport. Miongoni mwao walikuwemo sita waliokuwa wakizungumza vizuri, nao wakaambiwa kwamba usemi wao una kasoro, kwamba dalili za kigugumizi zinaonekana, kwamba wasiseme kitu hadi wawe na hakika watakisema sawasawa. Hawakuambiwa kwamba ni utafiti.

Watafiti waliochambua upya takwimu zile miongo kadhaa baadaye hawakuona ushahidi kwamba watoto wale waligeuka kuwa na kigugumizi. Lakini walibadilika. Walijikunyata, wakapunguza kuongea, wengine wakakataa kuzungumza. Tudor alirudi kwenye kituo baadaye kujaribu kuyarekebisha madhara hayo. Tasnifu ilipita, ikawekwa kwenye rafu ya maktaba. Umma ulikuja kuifahamu kupitia gazeti mwaka 2001, na mwaka huohuo chuo kikaomba radhi. Mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000 kwa waliokuwa hai na kwa warithi wa waliofariki.

Wanafunzi wangu huhukumu haraka sana kisa hiki. "Sisi tuna kamati ya maadili." Ni kweli, mnayo, na fomu zake ni ndefu. Lakini Tudor hakuwa mtu katili. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye msimamizi mashuhuri, mwenye tarehe ya kuwasilisha kazi. Nani kati yetu hapa hakuwahi kuwa na hivyo viwili? Na kilichotumika hakikuwa dawa wala kisu. Ni sentensi, zilizosemwa na mtu mzima ambaye watoto walimwamini. Ninyi kuanzia wiki ijayo mtakuwa watu wazima wa namna hiyo. Mtakaa mbele ya mama, mtoto wake akiwa magotini, naye atawauliza, "Ana tatizo?" Takribani mtoto mmoja kati ya 20 hupitia kipindi cha kigugumizi, na wengi wao hutoka humo, kwa watu wazima anabaki karibu mmoja kati ya 100. Siku ile ya kwanza hamtajua huyu wa magotini ataangukia upande gani. Kuna tiba nzuri kwa walio chini ya miaka sita, na kumngoja bila kumfuatilia ni uzembe. Ila kabla ya kulitamka neno, vuteni pumzi, muulize swali moja zaidi. Amekuwa hivi kwa muda gani? Kuna mwingine kwenye ukoo? Yeye mwenyewe anajali?

Nimemtaja Johnson na kigugumizi chake. Niongeze kwamba hakuwa peke yake. Charles Van Riper, ambaye mbinu zake mtazisoma, naye alikuwa na kigugumizi maisha yake yote. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka kuna ombi la mwanafunzi mwenye kigugumizi, na kila mwaka kuna mtu kwenye kamati anayeuliza kwa sauti ya chini kama "ataweza kazi". Nimeacha kujibu kwa adabu.

Wasimamizi wenzangu, msidhani nimewasahau. Nina neno moja tu na halipendezi. Tunawafundisha wanafunzi kumpa mgonjwa muda, kisha sisi wenyewe hatuwapi. Mwanafunzi anakwama mbele ya mgonjwa, tunaingia. Anatafuta jina la dalili kwenye kikao cha marejeo, tunamtajia. Tunafanya kile nilichokifanya kwa mzee wa kikombe, na tunakiita malezi. Palipo na hatari, kama kwenye kumeza, ingieni bila kuomba ruhusa. Lakini akikosea mpangilio wa picha, akisahau kuwasha kinasa sauti, akiuliza swali lililofungwa, la ndiyo au hapana, wakati alitakiwa kuuliza lililo wazi, kaeni kwenye viti vyenu. Baada ya kikao, kabla ya kumweleza mlichokiona, mwulizeni yeye ameona nini, halafu msimsaidie kujibu. Mara ya kwanza nilipojaribu, mwanafunzi alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani ameudhika. Kumbe alikuwa anafikiri. Aliyoyasema yalikuwa mazuri kuliko niliyokuwa nimeyaandika kwenye daftari, na daftari lile nikalifunga.

Wiki ijayo mtaanza saa zenu za kutazama. Mtakaa nyuma ya kioo, wanne wanne, chumba kina joto na viti ni vigumu. Chukueni saa. Msimpime mgonjwa, yeye ana watu wengi wanaompima. Mpimeni mtaalamu: anauliza saa ngapi, anavunja kimya saa ngapi. Andikeni namba tu, bila maoni. Halafu mkifika zamu yenu, mwenzenu akae na saa, awaandikie zenu. Mzitunze karatasi hizo. Mwaka wa pili nitawaomba mniletee.

Nimebakiwa na dakika chache, na mwenyekiti ameniashiria kwamba sasa ni muda wa maswali. Karibuni. Na kama hakuna wa kuanza, msiwe na wasiwasi, mimi nitakaa tu hapa.